Maharagwe ya Phanice Yalivyoivia Njiani

Phanice Nafuna wa Silanga, kule Kibera, alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna zahanati iliyowahi kuuwekea dawa, nao ni kuchungulia. Sufuria ikifunikwa, lazima afunue. Mlango ukiachwa wazi upana wa kidole, jicho lake tayari limeshapita. Mtoto wake wa kwanza, Wekulo, alipozaliwa, mkunga alilazimika kumwambia, "Mama, lala chini kwanza, mtoto utamwona tu!"

Aliuza maharagwe na githeri ya mahindi kwenye kibanda chake, hatua chache kutoka bwawa la mtaa huo. Majiko mawili ya makaa yaliwaka tangu alfajiri, na maharagwe, kama kawaida yake, hayakuiva kabla ya muda wa saa tatu kupita. Moshi ulimfanya awe na macho mekundu kiasi kwamba wateja wapya walimpa pole wakidhani amefiwa. Alizipokea hizo pole. Angefanya nini? Kuwaeleza watu wote kwamba aliyemliza ni jiko?

Basi siku moja ya Jumanne alikwenda Soko la Toi kutafuta sweta, akakuta umati umezunguka meza. Juu ya meza palikuwa na taa za sola, majiko ya kuokoa makaa, na kikapu kikubwa kilichotunishwa kwa matambara. Mama mmoja mwenye kipaza sauti alikuwa akieleza namna ya kupika bila kuchoma makaa mengi. Akaipua sufuria ya wali uliokuwa umechemka dakika chache tu, akaitia ndani ya kikapu, akafunika.

"Wali huu sasa utajimaliza wenyewe humu ndani," akasema. "Bila moto."

Phanice aliangua kicheko kikubwa hadi muuza viatu wa jirani akageuka.

"Wewe mama unayecheka," akasema yule wa kipaza sauti, "kuja hapa mbele."

"Nakuja! Na hicho kikapu nitakikalia mimi mwenyewe, ndio nione mtaingizia wapi wali mwingine."

Akakikalia kweli. Alikaa pale robo tatu ya saa, mkoba mapajani, kama malkia. Watu waliomfahamu wakipita na kumsalimia, aliwajibu, "Poa! Siwezi kuamka, niko kazini." Alipoinuka na kufunua, mvuke ukampiga usoni. Wali ulikuwa umeiva, punje zimeachana kama mashemeji waliokosana. Akaonja. Akaonja tena. Akala nusu sahani, akasahau sweta, akaenda nyumbani nusu akitembea, nusu akikimbia.

Mumewe, Wanzala, alikuwa fundi wa kushona makochi. Phanice alimkuta amepiga magoti mbele ya kiti, misumari mdomoni.

"Baba Wekulo, leo nimekalia wali ukaiva."

Wanzala akaitoa misumari mmoja mmoja. "Mama Wekulo, umekula kitu leo?"

"Nimekula huo wali!"

Akamweleza yote kwa mkupuo mmoja: kwamba chakula kikishachemka hakidai moto zaidi, kinadai joto lisitoroke tu, kwamba makaa mengi tunayachoma kupasha joto hewa ya Kibera. Wanzala alisikiliza akikuna kidevu. Mtu aliyeishi miaka ishirini kati ya sponji na pamba hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Yaani sufuria inavalishwa blanketi," akasema.

"Ndiyo hivyo!"

Jioni hiyo hiyo Wanzala akaanza. Alichukua kikapu kikubwa cha sokoni, akakijaza vipande vya sponji vilivyobaki kwenye makochi ya watu, kisha akakivalisha koti la mtumba la sufu, rangi ya maziwa ya chai, lenye kola ya manyoya. Koti lilikuwa zuri mno kukatwa ovyo, kwa hiyo akaacha kola yake na vifungo vyake sita, na mikono yake akaifanya mishikio. Kikapu kilipokamilika kilisimama katikati ya chumba kama mgeni mnene anayesubiri kukaribishwa chai.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Phanice alichemsha maharagwe, akayatia kikapuni, akafunga vifungo sita. Baada ya dakika kumi akavifungua, kuona tu. Akafunga. Akafungua kusikiliza. Akafungua kunusa. Kufikia saa sita alikuwa amefungua mara kumi na moja, na maharagwe yalikuwa vuguvugu na magumu kama kokoto za reli. Lusweti, fundi wa mawe aliyekula pale kila siku, alitafuna kidogo akaweka kijiko chini.

"Mathe, hizi ni za kula ama za kujenga?"

Kibanda kizima kikacheka. Phanice naye alicheka, lakini roho ilimuuma.

Wanzala alikichunguza kikapu ndani nje, akakirudisha chini. "Kikapu hakina tundu popote," akasema. "Tundu ni wewe."

Kesho yake maharagwe yalikuwa yamelowekwa usiku kucha. Phanice akayachemsha nusu saa nzima, akayatia kikapuni. Wanzala akafunga vifungo, akachukua sindano yake kubwa ya makochi, akashona mdomo wote wa kikapu kwa uzi wa gunia. Kisha akaondoka kwenda kazini na mikasi na visu vyote vya nyumba ndani ya mfuko.

Hiyo asubuhi Phanice aliteseka! Alifagia, akafagia tena, akafagia hata mbele ya mlango wa jirani. Mchana Wanzala aliporudi na kukata uzi, yale maharagwe yalikuwa laini, yanapondeka ulimini, mchuzi mzito. Phanice akapiga yowe. Majirani watatu wakaja mbio na ndoo za maji wakidhani nyumba inaungua, na kwa kuwa walikuwa wamekuja, wakapewa sahani.

Tangu siku hiyo hapakuwa na mtu wa kumnyamazisha. Alimpigia simu rafiki yake Nzilani wa Kawangware, ambaye zamani walifua pamoja nguo za watu kule Lavington. Nzilani sasa alikuwa mwenyekiti wa chama cha akina mama kumi na wanne, na Jumamosi walikuwa wakikutana kwake.

"Chakula niachie mimi," Phanice akasema. "Nitatoka kwangu maharagwe hayajaiva, nifike kwako yameiva."

Nzilani akashusha sauti. "Phanice, umekunywa?"

"Sijakunywa!"

"Basi kuja. Lakini nitapika chapati nyingi, kwa usalama."

Jumamosi, Phanice alichemsha sufuria kubwa kuliko zote, akaitia kikapuni, akafunga vifungo. Akakifunika kikapu kwa leso pana ili vumbi lisikiharibu, akajifunga nacho kifuani, akapanda bodaboda ya Elvis, kijana wa stejini kwao. Walipita Ngong Road vizuri. Ila walipofika Dagoretti Corner, gurudumu la nyuma likasema pfff, likalala, hatua chache kutoka kwa fundi wa matairi mwenye foleni ya pikipiki.

"Pole, mathe," Elvis akasema. "Ni pancha. Na huyu fundi ako na laini ndefu."

Phanice akakaa kwenye jiwe, amekumbatia mzigo wake. Mama mmoja aliyeuza mahindi ya kuchoma akamtazama: leso, kola ya manyoya imechomoza, mkono wa koti unaning'inia.

"Ni mdogo sana, eeh?" akauliza kwa huruma. Kabla Phanice hajajibu, akapitisha mkono chini ya kola. Akauchomoa haraka. "Uwii! Huyu mtoto anachomeka! Wewe fundi! Wacha hizo zingine, tengeneza hii ya mama, mtoto ako na homa mbaya!"

Phanice alitaka kusema ukweli. Mungu ni shahidi, alifungua mdomo. Lakini kicheko kilikuwa kimeshafika kooni, akajua akikiachilia hakitasimama, hivyo akauficha uso ndani ya leso. Mabega yakaanza kutetemeka.

"Usilie, mama," akasema mwanaume mmoja, akimpigapiga mgongoni. "Atapona tu."

Ndipo akazidi kutetemeka. Machozi halisi yakamtoka. Fundi alikuwa ameshairukia ile pikipiki, watu wanne wanaishikilia, mwingine anatia upepo kwa bidii, na mwingine ameanza kuomba kwa sauti. Alipofikia kumtaja yule mgonjwa mbele za Bwana, Phanice hakuweza tena. Akafunua leso.

"Si mtoto!" akapaza sauti. "Nisameheni, jamani. Ni maharagwe!"

Aliyekuwa akiomba akafungua jicho moja.

"Maharagwe?" akauliza mama wa mahindi.

"Yanajipika. Humu ndani. Hakuna moto."

Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha fundi, kisha barabara yote ile. Mama wa mahindi alicheka hadi akashikilia mkokoteni wake. "Hebu fungua tuone!"

Na hapa ndipo Phanice Nafuna, mchunguliaji wa Silanga, alipoweka viganja vyote viwili juu ya vifungo sita. "Sifungui. Joto likitoka, yanakuwa mawe. Mkitaka kuona, niachieni namba ya simu." Akaondoka hapo na namba saba, zimeandikwa nyuma ya mkono wake wa kushoto kwa kalamu ya fundi.

Kwa Nzilani kulikuwa kumejaa. Wanawake walikikazia kikapu macho, wakatazamana. Ikaombwa sala ya kufungua, sala ndefu, kisha zikasomwa habari za mkutano uliopita, kisha kila mmoja akajitambulisha. Phanice alizikalia dakika hizo kama mtu anayekalia siafu. Hatimaye Nzilani akasema, "Haya, mgeni. Tuonyeshe maajabu yako."

Vifungo vikafunguka kimoja kimoja. Mfuniko ukainuliwa. Mvuke ukapanda hadi kwenye mabati, na harufu ya kitunguu na dania ikajaa chumba. Nzilani akachota haragwe moja, akalibana kati ya vidole viwili. Likapondeka kama siagi.

"Wauu!" akapiga kelele. "Yametoka Kibera mabichi!"

Wakainuka wote. Wengine wakapiga vigelegele, mmoja akacheza na mfuniko kichwani. Katikati ya ghasia hiyo mlango ukasukumwa, akaingia mzee Nicanor, mwenye ploti hiyo ya nyumba za kupanga, uso umekunjamana. Kwake stima ilikuwa ndani ya kodi, bili akilipa yeye, na kitu alichokichukia duniani kuliko vyote ni koili ya umeme ya kupikia.

"Koili iko wapi?" akauliza.

"Koili gani, mzee?" Nzilani akamjibu.

"Naona mvuke. Sioni jiko. Sisikii harufu ya makaa. Mnapika na nini, maombi?"

Akainama chini ya kitanda. Akachungulia nyuma ya kabati. Akafuata waya wa taa kwa kidole kuanzia ukutani hadi dari, wanawake wakimfuata nyuma mmoja mmoja kama treni, wamejiziba midomo. Alipomaliza chumba chote, Phanice akamwekea sahani mkononi.

"Kaa kwanza, mzee. Koili yenyewe ndiyo ile imevaa koti."

Nicanor akala amesimama. Kisha akakaa. Aliomba ya pili bila kuona haya, akakizunguka kikapu mara mbili, akatia mkono ndani, akautoa, akautia tena. "Na makande je?" akauliza. "Na matumbo? Matumbo ya mbuzi yanaweza?"

Mwezi haukuisha kabla karakana ya Wanzala haijajaa makoti ya mtumba, mengine na beji za shule za ng'ambo, na yeye akishona vikapu kuliko makochi. Phanice siku hizi anawasha jiko moja tu, nusu saa asubuhi, na macho yake yamekuwa meupe hivi kwamba Lusweti alimuuliza kama ametiwa dawa. Jumamosi huenda Kawangware kufundisha. Mama wa mahindi wa Dagoretti Corner alikuwa mwanafunzi wa kwanza, na ndiye mbishi kuliko wote.

Nicanor naye alinogewa. Baada ya kikapu alibadilisha balbu zote za ploti akaweka zile zinazokula stima kidogo, na baadaye akapandisha sola juu ya mabati ili taa ya mlangoni pa bafu iwake usiku. Siku ya kuizindua aliwaita wapangaji wote uani saa nane mchana, jua la kupasua mawe. Akatoa hotuba, akabonyeza swichi. Hakuna aliyeona kitu kwa ukali wa jua.

"Imewaka?" akauliza.

"Imewaka, mzee!" wakaitikia wote.

Akaizima. Akaiwasha tena. Kila alipoiwasha wanawake walipiga vigelegele, naye kwa kusikia vigelegele akaizima ili aiwashe upya, hadi mkewe alipokuja kumshika mkono.