Gari Lililolia Makaburini

Kitu cha kwanza anachofanya Tseko Mokhachane akifika kwenye gari linalouzwa ni kulaza kiganja juu ya boneti, kwa upole, kama anayempima mtoto homa. Mwenye gari bado hajasalimiwa. Atasalimiwa baadaye, akistahili.

Ni Jumamosi asubuhi mjini Katlehong, mashariki ya Johannesburg. Baridi ya Juni imegandisha umande juu ya magari yote ya mtaa. Tseko, mwenye miaka hamsini na tisa, amevaa ovaroli mbili, moja juu ya nyingine, na kofia ya sufu iliyofumwa na mtu ambaye ni wazi hakuwahi kukiona kichwa chake.

Nyuma yake anatetemeka Keneilwe Tladi, mpishi wa shule ya msingi. Keneilwe hajawahi kumiliki hata baiskeli. Leo anataka gusheshe, ile BMW ya zamani yenye umbo la kisanduku, iliyoshushwa chini, ikaongezwa injini kubwa, na ambayo kazi yake hasa duniani ni kuzunguka mahali pamoja hadi tairi zitoe moshi na watu wapige vigelegele.

"Ntate Tseko, nimeshalichagulia jina," ananong'ona, akimwita baba kwa Kisotho. "Malkia."

"Usilibandike jina kabla hujalala chini yake," Tseko anamjibu bila kugeuka. "Ukishalibandika jina utaanza kulihurumia. Mimi nataka ulitilie shaka."

Kiganja bado kipo juu ya boneti. Leo kinakaa pale muda mrefu kuliko kawaida.

Tseko anaishi kwa kuwasindikiza wageni wa magari ya zamani kwenda kununua. Mgeni, kwa lugha yake, ni mtu yeyote anayependa gari kwa macho. Kwa gari moja anatoza randi mia tatu na hamsini, linunuliwe lisinunuliwe. Mwezi mzuri huwa na magari manane. Mwezi mbaya huwa na mawili, na ugali wa jana.

Alikuwa fundi wa karakana ya mabasi hadi ilipofungwa. Walimuaga kwa hotuba na saa ya ukutani. Saa hiyo haijawahi kutembea, na yeye, fundi kwa miaka ishirini na miwili, hajawahi kuifungua. "Nilikuwa na hasira nayo," anasema.

Kazi hii ina upweke wake, na Tseko anaueleza kama mtu anayesoma bei za nyanya. "Mteja akipata gari zuri, hanihitaji tena. Akikosa, ananinunia. Muuzaji ananinunia vyovyote vile. Sasa nitajie, nani wa kunialika kwenye sherehe?"

Mkewe, Mamello, alifariki miaka sita iliyopita. Binti yake yuko Cape Town na hupiga simu mwisho wa mwezi, kwa haraka, huku akipika. Gari la Tseko mwenyewe limekaa juu ya matofali uani kwake, halina injini, lakini redio inaimba. Jioni huingia humo kusikiliza mpira. Huketi kiti cha abiria. Akiulizwa kwa nini si nyuma ya usukani, anasema kuku wamekizoea kiti cha dereva.

Amebaki na mtu mmoja. Mtu huyo anaitwa Mpiyakhe Radebe, mpaka rangi wa magari, ambaye kila Jumapili kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akibisha mlango wa Tseko na nyama mkononi. Hucheza morabaraba, mchezo wa ubao, kwa vizibo vya chupa, hutukanana kwa heshima, na jioni Mpiyakhe hurudi kwake.

Na uani ambamo Tseko amesimama asubuhi hii ni uani kwa Mpiyakhe.

Keneilwe alimpa mtaa kwa simu, hakumpa jina la muuzaji. Tseko alipokata kona na kuliona geti la kijani, miguu ilipunguza mwendo yenyewe. Jumapili iliyopita tu walikuwa pamoja, na Mpiyakhe hakusema neno kuhusu kuuza gari.

Mpiyakhe anatoka nyumbani akifuta mikono. Anamwona mteja, anatabasamu. Anamwona Tseko, na tabasamu linabaki usoni bila mwenyewe.

"Kumbe ni wewe," anasema.

"Ni mimi. Mpi, boneti lina joto."

"Jua hilo."

"Jua gani? Mbwa wako amejikunja kama chapati."

"Nililiwasha kidogo, nilisogeze."

"Limekauka lote, Mpi. Magari ya mtaa mzima yana umande ulioganda, lako limekauka kama limetoka oveni."

Keneilwe anacheka, akidhani ni utani wa wazee. Ni utani, ila leo umebeba kisu.

Kwa mgeni wa magari haya, hapo ndipo somo linapoanzia. Injini ikipata moto, oili hulainika na kufunika aibu nyingi. Muuzaji anayeliwasha gari kabla hujafika ana jambo ambalo hataki lisikike. "Nenda asubuhi na mapema," Tseko huwaambia wateja. "Na usiende siku ya mvua. Rangi ikilowa, kila gari ni bibi harusi."

"Tutasubiri lipoe," anamwambia Keneilwe.

Wanasubiri. Wakati huo Tseko anamfundisha. Anampa sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa na kumwambia aipitishe mlangoni. Inashika. Anampeleka nyuma, juu ya gurudumu. Sumaku inaanguka.

"Imekufa?" Keneilwe anauliza.

"Haijafa. Hapo hakuna bati, kuna puti. Mtu aligonga nguzo, akaziba kwa puti, akapaka rangi. Si dhambi kubwa. Gari la kuzungushwa lisilowahi kugonga kitu halikuzungushwa, lilikuwa linaonyeshwa makanisani."

Anamlaza chini ya gari. Anamwonyesha springi zilizofupishwa kwa msumeno badala ya kununuliwa fupi, na waya zilizofungwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi kama kidole kilichokatwa. Anamwambia aulize jambo ambalo wageni hawaulizi kamwe: nani alilibadilisha, na kwa ajili ya kazi gani?

"Injini ikiwa imebadilishwa, hakikisha namba yake ipo kwenye kadi ya gari," anaongeza. "Vinginevyo utaendesha mpaka kwenye kizuizi cha kwanza cha polisi, halafu utarudi kwa miguu."

"Na breki?"

"Breki baadaye. Kwanza difu. Haya, Mpi, lisukume tukate kona."

Wanasukuma gari taratibu huku usukani umekatwa hadi mwisho. Tairi za nyuma zinaruka-ruka na kukwaruza sakafu. Difu, ile gia ya nyuma inayoruhusu gurudumu moja kuzunguka kasi kuliko jingine kwenye kona, imechomelewa ili magurudumu yote mawili yazunguke sawasawa, jambo zuri sana uwanjani, na msiba mkubwa kwa anayetaka kuegesha sokoni.

Keneilwe haonekani kutishika. Alipokuwa mtoto, anasema, alikuwa akipanda juu ya ukuta wa jirani kutazama magari haya yakizunguka njia panda. Wavulana walimwambia ashuke akasonge ugali. "Nilishuka, nikasonga ugali miaka saba, nikaweka akiba," anasema. "Sasa nimerudi." Bei ni randi elfu tisini na tano. Ndiyo akiba yake yote.

Mke wa Mpiyakhe analeta chai na maandazi. Tseko anaitwa nyuma ya tangi la maji.

"Huyu binti hatalizungusha," Mpiyakhe anasema kwa sauti ya chini. "Kazini, kanisani, nyumbani. Litadumu."

"Mpaka lini?"

"Litadumu, bwana."

"Mpi, nilikuwepo."

Mwezi Februari walimzika Thamsanqa, mdogo wake Mpiyakhe, mzungushaji aliyejulikana hadi Vosloorus. Gari hili lilikuwa lake. Mzungushaji akifa, magari humsindikiza makaburini, na gari lake mwenyewe hulizwa: linasimama palepale karibu na kaburi, mguu unakandamiza mafuta hadi mwisho, na injini inapiga ukelele bila kupumzika. Heshima hupimwa kwa urefu wa kilio. Thamsanqa alipendwa sana. Gari lilitokwa na maji, kisha mvuke, kisha harufu, na watu wakapiga vigelegele huku wakilia. Tseko alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Injini haisahau kilio kama hicho. Vyuma vya chini, vinavyobeba uzito wote, huliwa. Nje gari hubaki linang'aa. Mtaani hapa kosa la wageni linajulikana: kununua gari la marehemu kabla ya kuuliza alizikwaje.

"Silitaki hapa uani," Mpiyakhe anasema. Sasa hamtazami rafiki yake. "Kila nikifungua dirisha naona kama ametoka tu kununua sigara. Nyamaza leo, Tseko. Mara moja tu. Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli. Hajawahi.

Wanarudi. Boneti limepoa. Tseko anafungua kifuniko cha oili, anakitazama, anakifunga. Anamwomba Keneilwe aliwashe mwenyewe.

Injini inaamka. Kwa chini kabisa, nyuma ya muungurumo ambao ungemfurahisha mgeni yeyote, kuna mlio mdogo mkavu wa kugonga, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ambayo anajua haina watu.

"Linasikika vizuri!" Keneilwe anapaza sauti. Macho yake yamelowa. Mkoba wenye karatasi za benki ameukumbatia.

Tseko anasogeza sikio karibu na boneti. Mpiyakhe anazungusha kikombe cha chai mkononi. Mbwa peke yake ndiye anayeendelea na shughuli zake.

"Zima," Tseko anasema hatimaye. "Dada, gari hili lililia makaburini Februari. Mimi nilikuwepo. Chini kunagonga. Litakupeleka kazini mwezi, pengine miwili, kisha litavunja injini barabarani. Usilinunue kwa bei hii."

Mpiyakhe anaweka kikombe chini.

"Ulibeba jeneza la ndugu yangu," anasema. "Leo umekuja kulifungua mbele ya mteja."

"Nimekuja kazini, Mpi."

"Basi umemaliza. Geti lile."

Ingependeza kuandika kwamba Keneilwe alimshukuru. Hakumshukuru. Njiani alimwambia: "Ungeniambia tangu getini kwamba mnajuana. Ulimwacha aliuze huku ukimtazama. Na mimi ulinitazama nikilipenda." Tseko alipokea randi mia tatu na hamsini, akakataa kupanda teksi, lile basi dogo la abiria, akatembea hadi kwake. Hakutaka kubanana na watu wenye furaha.

Jumapili iliyofuata aliosha sufuria, akapanga vizibo. Mlango haukubishwa. Ya pili akapanga tena. Ya tatu hakupanga, lakini aliacha mlango wazi, katika baridi ile, na akapata mafua.

"Nilicheza peke yangu," anasema. "Nikashinda. Nikajitukana, halafu nikaona halijibiwi tusi langu."

Alituma ujumbe wa simu akieleza wazo lake. Ulisomwa. Haukujibiwa. Wazo lenyewe ni hili: waishushe injini pamoja, waibadilishie vyuma vya chini, waisage shafti, waweke difu ya kawaida. Kazi ya mwezi mmoja, na Tseko hatadai hata senti. Kisha gari liuzwe, na kila mnunuzi aambiwe lilimlilia nani na kwa muda gani.

"Kwani kulia ni aibu?" anauliza. "Thamsanqa alililiwa vizuri. Mimi nikifa sijui hata pikipiki itapita."

Wiki iliyopita Keneilwe alimtumia picha bila maneno: gusheshe jeupe, lililopauka, lina taa moja iliyovunjika, na yeye amekaa juu ya boneti. Tseko aliikuza picha hadi ikawa vidoti, akikagua. Alirudisha swali moja tu: "Lilikuwa la baridi?" Jibu lilikuja baada ya siku mbili: "Kama barafu, Ntate." Hakuna kingine kilichoandikwa. Ameuhifadhi ujumbe huo.

Ni Alhamisi sasa, na Tseko anazungumza akiwa amechuchumaa jikoni kwake, anaosha utumbo wa ng'ombe kwa maji ya baridi na chumvi. Ni kilo mbili, nyingi mno kwa mtu mmoja. Ameamua kuupika Jumamosi usiku na kuupeleka Jumapili asubuhi kwenye geti la kijani.

"Miaka kumi na mmoja yeye ndiye aliyekuwa anakuja," anasema. "Kila Jumapili. Mimi sijaenda kwake kumtembelea hata mara moja. Nilienda kwenye msiba, na nikaenda kumharibia biashara. Hata kiti anachopenda kukaa sikijui."

Anausugua utumbo kwa muda.

Akiulizwa atasema nini geti likifunguliwa, anasema hatasema kitu, atainua sufuria. Na lisipofunguliwa? Hapo anayatazama maji yaliyochafuka.

"Nitapiga kelele kwamba utumbo unapoa," anasema. "Mkewe atasikia. Na Mpi, Mzulu yule, anaweza kuvumilia mengi, lakini hawezi kuvumilia majirani wasikie kwamba ameacha chakula nje."

Anamwaga maji, anajaza mengine, anaanza kuosha upya.

"Halafu nitauliza yeye hupenda kukaa kiti gani," anasema, "ili nisije nikakaa kwenye kiti chake."