Wiski ya Kaka Mkubwa

Watu wa mtaani walimwita Mama Cherehani, naye hakuwa na kinyongo, maana cherehani ndiyo iliyomlisha. Aliiweka sebuleni, mbele ya mlango wa chumba cha mama yake, ambaye kiharusi kilimlaza na kitanda kikamtia kidonda kikubwa mgongoni. Akimaliza kushona sketi ya shule, anaingia kumgeuza ubavu. Akimaliza kola, anaingia kumfuta. Wateja walishazoea kusubiri. Asiyezoea alielekezwa kwa fundi mwingine, tena bila kubembelezwa.

Siku hiyo hakugusa hata sindano. Kaka Mkubwa, mtoto wa kwanza wa mama, yule aliyefanikiwa akahamia mbali, alikuwa anakuja, na mama alikuwa na ombi moja tu: mwanawe aingie, akae kitandani, amshike mkono. Basi Mama Cherehani akaingia kazini, akadeki chumba kizima kwa dawa ya vidonda, sakafu, kuta, hadi chaga za kitanda, ili kaka asije akakunja pua. Kumbe ndiyo anajiharibia.

Kaka alifika mlangoni kwa mama, akavuta pumzi, akarudi kinyumenyume. "Aisee, kunanuka hospitali humu! Ngoja kwanza nipumzike." Akaenda kuketi sebuleni, akatoa chupa kwenye mkoba wa ngozi kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kichanga.

"Mdogo wangu, hii wiski si ya mchezo," akasema. "Shayiri tupu, ya kiwanda kimoja. Imelala kwenye pipa tangu wewe hujui hata kutunga uzi. Zimebaki chupa za kuhesabu dunia nzima."

"Mama anakusubiri, kaka."

"Naenda, naenda. Onja kwanza."

Akaonja, akidhani akimfurahisha kidogo atainuka. Wee! Moshi wa kuni mbichi ulimpanda puani, ukafuata ukali wa iodini, halafu ladha ya bandeji iliyolowa. Mate yakamjaa mdomoni. Akajikaza kisabuni akameza, macho yakimtoka machozi.

"Umeisikia?" Kaka alikuwa amefumba macho, pua iko ndani ya glasi, anatabasamu peke yake. "Huo ndio utamu wake. Kuna moshi, halafu kuna dawadawa fulani hivi, kama wodini. Watu wanaitafuta harufu hii kwa udi na uvumba."

Jamani! Mama Cherehani alimtazama asiamini. Mtu mzima na akili zake anaipakata harufu ya wodi kwenye glasi, anaibembeleza, na chumba cha pili aliyemzaa ananuka hiyo hiyo, naye kaikimbia! Kinyaa kikampanda upya, na safari hii hakikuwa cha wiski.

"Kaka, mimi vinywaji sivijui," akasema, "lakini hii ndiyo harufu ya chumba cha mama. Hiyo hiyo! Hapa unailamba, kule umeikimbia. Huoni haya?"

"Usinianzie. Siwezi kumwona vile. Nitakuja siku nyingine, akipata nafuu."

"Nafuu ipi? Amebakiwa na nini zaidi ya kukungoja wewe? Tangu asubuhi anauliza kama umefika. Inuka uingie!"

Kaka akajimiminia tena, kidogo, kwa adabu zote. Kabla hajainua glasi, sauti ya mama ikatoka chumbani. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini kila neno lilisikika.

"Mwache, mwanangu, usimgombeze. Mimi mwenyewe najua ninanuka."

Mama Cherehani akangoja. Alingoja huyo mtu ainuke, alie, akimbilie chumbani, afanye chochote ambacho mtoto aliyezaliwa na mtu angefanya. Kaka Mkubwa aliinamisha kichwa. Akaichukua ile glasi, akairudisha wiski ndani ya chupa, polepole, mkono umetulia, lisimwagike hata tone. Kisha akakaza kizibo, akatoka.