Baba, Pedi ya Gemu na Fundi wa Japani

Baba alipopata kiharusi nilimtoa kijijini Zagayu nikamleta kwangu Bariadi mjini, awe karibu na hospitali. Mkono wa kushoto ulikuwa umelegea kabisa. Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali alimpa kimpira cha kuminya. Mbele yake baba alikiminya kwa heshima. Tukifika nyumbani anakiweka dirishani.

"Ng'wana wane, mwanangu," aliniambia, "mtu mzima na wajukuu, nikae kuchezea mpira?"

Mimi nauza rimoti, chaja na gemu za TV, zile za mtindo wa zamani zinazochomekwa kanda. Jumapili moja baada ya misa nilileta moja nyumbani kuijaribu kabla ya kumpa mteja. Niliiwasha, nikaenda jikoni kutazama wali. Niliporudi, baba ameshika pedi ya kuchezea kwa mikono miwili, kidole gumba cha kushoto kimelala juu ya kitufe chenye umbo la msalaba. Kwenye TV, kigari kimekwama ukingoni mwa barabara.

"Hiki kimekataa kwenda," alisema.

"Bonyeza msalaba upande wa kulia, baba."

Jasho lilimtoka. Kidole kilitetemeka, kikabonyeza, kigari kikasogea. Nilikaa pembeni yake, wali ukaungua.

Mteja nilimtafutia mashine nyingine.

Baba akawa anacheza kila asubuhi baada ya chai, akikigombeza kigari kwa Kisukuma kama ng'ombe wa plau aliyetoka kwenye mstari. Dada wa mazoezi alipomwona, alicheka, akasema aendelee.

Siku moja akaniuliza, "Nani alibuni kitu hiki?"

Nilitafuta kwenye simu, nikamsomea. Hizi ninazouza ni za kuiga; ile ya kwanza ilibuniwa na fundi mmoja wa Japani na wenzake. Ilitakiwa iwe ya bei ambayo familia ya kawaida ingeiweza, kwa hiyo wakaondoa kila kisichohitajika. Ilienea dunia nzima. Yule fundi alipostaafu, akaenda kufundisha chuoni.

"Bado yupo?"

"Alishafariki, baba."

Aliiweka pedi mapajani. "Na hakujua kama huku kuna mgonjwa anatumia kazi yake."

"Angejuaje?"

"Basi tumwombee." Akavua kofia, akasali kwa sauti ya chini. Jina la fundi lilimshinda kulitamka, akamwita tu yule ndugu wa Japani.

Pamba ilipoanza kupasuka alidai kurudi kwake Zagayu, kwa mama aliyebaki na shamba. Mkono haukupona wote. Jembe bado linamponyoka. Ila vifungo vya shati anafunga mwenyewe, na kikombe cha uji hakimwagi.

Nilipokwenda kuwatembelea, nyumba ilikuwa tupu. Niliwakuta shambani, yeye na mama, wanachuma pamba. Mama alikuwa ametangulia mbali. Baba alibaki nyuma, anachuma polepole kwa mikono yote miwili. Niliwasalimia, nikaweka mkoba chini, nikaingia kwenye mstari wa pili.