Mbuta Aliyepanda Nandi Hills

Miaka yote tuliyokaa Kisumu, mke wangu aliomba kitu kimoja tu: wikendi moja bila samaki. Alikuwa anakaanga samaki sokoni kila siku ya Mungu, mpaka nguo za kanisani zikanuka mafuta. Mwaka ule wa themanini na kitu mvua ilileta mbu wengi, malaria ikamlaza, akaamka, ikamlaza tena. Daktari wa zahanati akamwambia atafute mahali pa baridi apumzike, la sivyo atarudi kwake amebebwa.

Mimi nilikuwa mbebaji wa magunia kwenye godauni la pamba. Hapo nilipata rafiki, Mnandi, ambaye baadaye aliacha magunia akarudi kwao Nandi Hills kusimamia wachuma chai. Huyo hakuchoka kuniambia, "Bwana, leta mama watoto alale mahali hakuna mbu." Basi nikamtumia salamu kupitia dereva wa lori la chai kwamba Jumamosi tunakuja.

Hapo ndipo mharibifu akaingia. Namtaja bila kuogopa: ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa redio ambaye kila redio aliyoigusa ilirudi kwake ikiwa kimya zaidi.

"Mnaenda na nini?" akaniuliza.

"Sukari na mkate."

"Mkate? Shemeji, mtu amekuita kwake na wewe unampelekea mkate? Unataka waseme watu wa Kisumu wamekuja na njaa yao? Hao hawana ziwa. Wanalilia samaki. Mimi nawajua."

Aliwajua kwa sababu siku moja gari liliharibika akalala Kapsabet, mjini kwao.

Ni kweli kwetu mgeni akija na samaki mkubwa amekupa heshima. Kwa hiyo nikanyamaza, na kunyamaza kwangu yeye akakuona ni ruhusa. Jumamosi asubuhi tukamkuta amesimama kando ya lori, amevaa koti la harusi, na miguuni pake kuna gunia lililotoa mkia. Mbuta mzima, mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Hiyo ni nini?" mke wangu akauliza.

"Zawadi, dada."

"Nimeuliza ni nini."

"Ni samaki. Na mimi nakuja pia. Nani atawatafsiria?"

Kwa Kinandi hajui hata kuomba maji. Mke wangu akapanda mbele kwa dereva, akafunga mlango. Sisi wawili tulikaa nyuma na mbuta mpaka mashamba ya miwa yakaisha na ya chai yakaanza.

Huko juu ukungu ulikuwa mzito, baridi inaingia mpaka kwa meno. Rafiki yangu alitupokea vizuri sana. Mama yake mzee akatoka na blanketi mabegani, akaona mkia, akasimama. Akauliza kitu. Rafiki yangu akamjibu polepole, kama anayepeleka habari ya msiba.

"Mama anasema karibuni sana," akatuambia. "Lakini hiyo ikae nje. Wazee wetu hawali hiyo. Wanaona ni jamaa ya nyoka."

"Mwambie huyu ni mbuta," shemeji akasema. "Hana uhusiano na nyoka."

"Nimemwambia. Anasema amewaona wote, wanafanana."

Mbwa wa pale akaja, akanusa gunia, akapiga chafya, akaenda zake. Kurudisha zawadi ni aibu na kuitupa ni aibu zaidi. Rafiki yangu akakuna kichwa. "Huko kwa nyumba za kampuni kuna wachuma chai wa kwenu wengi. Mkimkaanga hapa nje, hao watakula."

Sote tukamwangalia mke wangu.

Habari ilifika kwa wachuma chai kabla ya moto kuwaka. Walikuja na sahani zao, mmoja na ugali mzima ndani ya sufuria. Mzee mmoja wa Asembo, kule kwetu ziwani, alichagua kusimama upande moshi unakoelekea, akafumba macho.

"Mama, anza," akasema. "Tangu Krismasi hatujaona hata mwiba."

Mke wangu akachukua kisu. Nikaona mkono wake mwingine unakaza kitambaa kichwani, vile anavyokikaza sokoni. Halafu mkono ukasimama.

"Mlima huu wote nimeupanda, nije kukaanga samaki?" Akamgeukia kaka yake, akampa kisu. "Si wewe unawajua watu wa huku? Wapikie."

Shemeji akacheka. Akangoja mtu acheke naye.

"Mwanaume akaange mbele ya watu? Mbele ya shemeji yake?"

"Shemeji yako atapuliza moto."

Akakaanga. Akiwa na koti la harusi, akigeuza vipande kwa mbali kama mtu anayegusa waya wa umeme.

"Fundi, huo upande umeungua," mchuma chai mmoja akapiga kelele.

"Fundi, huyu wangu bado anapumua."

Mafuta yakamrukia mkononi, akaruka nayo. Mama mzee alileta kigoda chake nje kuangalia mwanaume anayeumwa na nyoka aliyekufa, akacheka mpaka akajifuta macho kwa blanketi.

Nilipochungulia ndani, mke wangu alikuwa karibu na jiko, kibuyu cha maziwa kando yake, blanketi mpaka kidevuni, mdomo wazi. Alilala mpaka kesho yake, akaamka akala viazi, akalala tena.

Leo shemeji anaisimulia hadithi hii kwenye kila harusi na kila matanga. Anasema yote aliyapanga yeye: alijua dada yake hawezi kupumzika mpaka amwone mtu mwingine akikaanga. Anakunja mkono wa shati aonyeshe kovu. Watu wanampigia makofi.

"Mwache," mke wangu ananiambia. "Aliungua."

Mimi sijamwacha. Nilipuliza moto ule wa kuni mbichi mpaka macho yakavimba, na mpaka leo hakuna aliyeniuliza nilionaje.