Fortunée Aligombana na Watu

Niseme ukweli mapema, msije mkanisifu bure. Siku Jemima alipogonga mlango wangu kuniambia mama yake amekufa, neno la kwanza lililonijia moyoni halikuwa pole. Lilikuwa hili: amekwenda bila kuniomba msamaha, mwanamke yule! Mungu anisamehe. Nilikuwa na hasira ya miaka saba, na hasira ya namna hiyo haiondoki kwa habari ya kifo.

Mimi ni Clémence. Nilifundisha darasa la tatu hapa Kabondo mpaka mgongo ukakataa kusimama. Lakini watu wa mtaa hawakunijua kwa ualimu, walinijua kwa matanga. Kwetu Kisangani mtu hazikwi kimya. Kabla jeneza halijafungwa lazima mtu asimame na kusoma maisha ya marehemu: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, alikuwa mtu wa namna gani. Mwandishi na msomaji nilikuwa mimi. Nilianza vizuri, nikikaa na wafiwa, nikiuliza, nikiandika, nikifuta. Kisha wafu wakawa wengi na mimi nikatengeneza karatasi moja ya sentensi kumi na mbili. Alikuwa nguzo ya familia. Mlango wake haukufungwa kwa mgeni. Hakugombana na mtu. Kazi yangu ikawa kubadilisha majina tu.

Wiki moja tukazika wazee wawili wa avenue moja. Ijumaa Papa Arthur, Jumamosi Papa Lambert, baba yake Fortunée. Papa Arthur alikuwa mwanakwaya. Nilibadilisha jina, nikasahau kwaya. Basi nikasimama mbele ya jeneza la Papa Lambert, sauti imejaa huzuni, nikasoma kwamba marehemu aliimba bass kanisani miaka thelathini.

Papa Lambert alikuwa kiziwi tangu utoto wake.

Fortunée akainuka. "Mama Clémence! Papa yangu aliimba bass wapi, mu ndoto? Haya ni maneno ya Papa Arthur ya jana! Nguo ya kuazima haisitiri matako, na weye unamuvalisha papa yangu ile mbele ya batu!"

Watu wakacheka. Kwenye mazishi! Hata fundi wa jeneza alicheka, misumari ikamponyoka mkononi. Nikakunja karatasi yangu, nikarudi nyumbani kwa miguu, na tangu siku ile sikuandika tena.

Msidhani sikujaribu. Kaka yangu alipofariki kule Bangboka, nilishika bic, kalamu yangu, tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Nikaandika "Alikuwa", nikaishia hapo hapo. Kila neno lililofuata lilikuwa la karatasi ile, na kila nilipoliona nilisikia kicheko cha watu. Kaka yangu wa tumbo moja akazikwa kwa sala tu, kama mtu asiye na dada mwenye kujua kuandika. Hilo nalo nikambebesha Fortunée.

Sasa huyu hapa Jemima, binti yake, amekaa kwenye kiti changu, macho mekundu.

"Bon, Mama Clémence, minajua mulikuwa hamusemezani. Lakini kesho saa sita tunamuzika, na Papa Célestin ametuletea hii."

Papa Célestin ndiye anayepanga matanga yote ya mtaa siku hizi, mtu wa suti na kipaza sauti. Nikaipokea karatasi, nikasoma. Eh! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Ilikuwa yangu! Sentensi zangu kumi na mbili, kutoka nakala nilizowaachia wafiwa zamani, zimepigwa kwenye mashine ya duka la fotokopi, na nafasi zimeachwa za jina na tarehe. Mtu amejaza kwa bic: Fortunée. Mama wa nyumbani. Alipenda jiko lake. Hakugombana na mtu.

Fortunée! Mwanamke aliyerithi vyombo vya fundi vya marehemu mumewe, akakaa kando ya barabara miaka kumi na minane akiziba mipira ya toleka, hizi baiskeli zetu za kubeba abiria, vidole vimeganda gundi! Jiko gani alilipenda? Lituma aliyoiponda yeye, hata ndizi zenyewe ziliona haya. Na eti hakugombana na mtu? Aligombana na kila mwenye masikio!

"Nani anasoma takataka hii?" nikauliza.

"Batu yote, Mama. Miaka ine sasa, kila matanga ni hii."

Miaka minne! Mimi nimefunga mdomo kwa aibu, na aibu yenyewe inatembea mtaani ikizika watu!

Jemima akainamisha kichwa. "Mama alisema, mbele ya kufa: musiache banisomee ile ya kila mutu. Muende kwa Clémence. Yeye njo anajua kuandika, ile siku alikuwa muvivu tu."

Mvivu! Hata kitandani pa kufa ananitukana! Nikasimama, mgongo ukalia. "Rudi kwenu, mutoto wangu. Siandiki. Nenda!"

Aliiacha karatasi mezani. "Kama haiko weye, basi itakuwa hii," akasema, akaondoka.

Nikabaki na karatasi ile ikinitazama. Kesho saa sita itasomwa, nayo ndiyo yatakuwa maneno ya mwisho juu ya Fortunée, na ni maneno yangu. Nikatoa daftari. Nikaandika: Alikuwa nguzo ya. Nikachana. Alizaliwa katika familia yenye. Nikachana. Mlango wake. Nikachana, na bic nikaitupa ukutani, nikaifuata kuiokota nikiilaani. Saa nane ya usiku ilinikuta sakafu yote imejaa vipande vya karatasi, sina hata mstari mmoja.

Basi nikasema: sawa. Kama siwezi kumsifu, nitamtukana. Amenivua nguo mbele za watu, amekufa, na mimi bado nina jibu langu. Litoke!

Nikaandika: Fortunée, mdomo wako haukuwa na mlango.

Eh! Mkono ukakubali. Nikaandika tena, nikimwambia yeye mwenyewe, si watu. Kwamba alikuwa na kiburi. Kwamba alimrudisha mchungaji barabarani kwa sababu alileta baiskeli bila kusalimia. Kwamba alimfokea mume wangu mzima mzima kwa kupakia mifuko mitatu ya makaa kwenye gurudumu bovu, kisha akamtengenezea gurudumu lenyewe akimtukana mpaka kiraka kikakauka. Kwamba alinidhalilisha siku ya Papa Lambert. Hapo nikakusudia kuandika kwamba alisema uongo. Nikatafuta uongo wake. Sikuupata. Baba yake alikuwa kiziwi, nami nilikuwa mvivu. Nilikasirika hata machozi yakaanguka juu ya wino.

Ndipo likaja lile ambalo sikutaka kuliandika. Mwaka juzi toleka iliyonibeba ilipasuka mpira mbele ya kibanda chake. Nilisimama pale, uso nimeugeuzia upande wa pili. Aliziba, akajaza upepo, hakunitazama hata mara moja. Kisha akamwambia mwendeshaji, kwa sauti ya kutosha: "Umupeleke polepole, uyu mama iko na mugongo mubaya."

Nilisikia. Nikapanda, nikaondoka, nikajifanya kiziwi kuliko baba yake.

Nikaandika na hilo. Kurasa nne, na hapakuwa na hata sentensi moja ya karatasi ile.

Kesho yake nikaenda. Papa Célestin alitaka kuona kwanza. Alisoma ukurasa mmoja, akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Mama, hii ni matusi! Marehemu hasemwi vibaya."

"Na uongo anasemwa?" nikamwambia. "Nipe hicho kidude."

Hakunipa. Nikasoma bila kipaza sauti, kwa sauti yangu ya darasa la tatu. Niliposema mdomo wako haukuwa na mlango, mama mmoja aliguna. Nilipofika kwenye habari ya mchungaji, waendesha toleka waliokaa nyuma wakaanza kucheka, na mmoja akapiga kelele: "Njo yeye! Njo yeye kabisa!" Jemima alikuwa akicheka na kulia pamoja, kitambaa mdomoni. Nikasema mbele yao wote kwamba siku ya Papa Lambert Fortunée alikuwa na haki na mimi nilikuwa mvivu. Nikasoma na habari ya mgongo. Hapo hakuna aliyecheka.

Nilipomaliza, Papa Célestin akanisogelea anatabasamu, mkono ameunyoosha. "Mama Clémence, ni muzuri sana, donc. Nipe, nikapige kopi. Kuko mama mwingine tunazika kesho, tutabadilisha jina tu."

Walahi, kama si heshima ya jeneza ningempiga!

"Huyo mama mwingine," nikamwambia, "nipeleke kwao leo leo. Nitauliza alikuwa anakasirikia nini. Lakini hii huipati."

Nikakunja kurasa zangu nne, nikamsukuma fundi mwenye nyundo, nikaziweka chini ya mkono wa kulia wa Fortunée. Walikuwa wamemsugua na kumpaka mafuta, lakini gundi ilikuwa bado imo kwenye kucha. Nikainama mpaka mgongo ukanichoma, na nikamjibu lile neno lake la siku ya mpira, baada ya miaka miwili.

"Bado unauma, Fortunée. Asante."