Zambi Zangu kwa Jina la Grâce

Kra, kra. Karatasi inafunguka mu kalasi yenye kujaa bazazi, na kimya ya kusikia hata inzi. Mupaka leo nikisikia ile sauti, hata kama ni mama wa njiani anafunga tu bitumbula, maandazi yetu, mu gazeti, masikio yangu inapata moto. Nilipata haya mbele ya bantu, na ni miye mwenyewe nilijitafutia, juu ya ile hatutabishana. Lakini kasirani yangu haijaisha, na musikie juu ya nini.

Miye ni mushonaji kule Kamalondo. Niko na mashini moja ya kukanyaga na miguu, na ndoto ya kufungua siku moja duka mujini, yenye kioo kikubwa mbele na jina yangu juu (herufi za dhahabu, nilishazichora). Masomo yangu iliishia mwaka wa sita wa primere. Dada yangu mukubwa anatumika kazi kule Kolwezi, njo maana mutoto wake Grâce, wa miaka munane, anaishi na miye, na anasoma mwaka wa tatu kwa masomo ya bamasere, bale masista ba kanisa.

Na mwaka wa tatu kwa bamasere si muchezo. Batoto banafundishwa kuzidisha mupaka saba mara tisa, banafundishwa kuandika herufi zenye kushikana mikono, banajua mito ya inchi yote, na juu ya yote banatayarisha ungamo ya kwanza na komunyo ya kwanza. Grâce alikuwa anaimba Amri Kumi akisafisha masahani, anaziimba akivaa soksi, hata mashini yangu ilishazijua.

Basi Jumatano moja alirudia na kazi ya nyumbani. Madamu, mwalimu wake, alisema kila mutoto aandike zambi zake, moja kwa kila amri, zote kumi, na yeye atazisahihisha mbele batoto hawajafika kwa padiri. Mwenye kuacha nafasi wazi hataungama na benzake. Kumi. Munielezee, mutoto wa miaka munane atatoa wapi zambi kumi?

"Ya Béa," Grâce akaniambia (Ya ni dada mukubwa, njo vile ananiitaka), kalamu mu kinywa, "miye niko na moja tu. Nilikula sukari."

"Tafuta tena."

"Nilitafuta. Nilimwambia Dorcas wa kalasi yetu iko na kichwa sawa papai. Lakini ni kweli. Kweli ni zambi?"

Akaanza kulia, na machozi ya mutoto inaniharibiaka akili. Niliwaza kumutungia zambi za uongo, lakini kuungama uongo, si njo zambi kubwa kupita zote? Afazali za kweli. Na za kweli nilikuwa nazo, nyingi, zilikuwa zinalala bure. Njo nikamukopesha zangu. Miye nashona, nasema, yeye anaandika na zile herufi zake zenye kushikana mikono, muzuri kabisa. (Hata nilijisifu. Nilisema huyu mutoto atakuwa mutu mukubwa.)

Wakati wetu, kale kakaratasi ka zambi ulikuwa unakapasua ukitoka kuungama, hata mama yako hakukasoma. Nilijua ni vile tu: Madamu atasahihisha herufi, kiisha karatasi itapasuliwa.

Ijumaa, siku moja mbele ya ungamo, balituita bazazi tuone batoto balijifunza nini. Tukakaa ku mabenchi ya batoto, magoti karibu na kidevu. Bakaimba saba mara tisa, bakasema sala, na miye nikapiga mikono kushinda bote. Kiisha Madamu akatoa fungu ya karatasi, na nikaona wino nyekundu. Zambi za batoto zilipewa pointi.

"Bazazi," akasema, "tunaona mambo mu hizi karatasi. Musikie hii moja. Jina sitaitaja. Grâce, simama."

Kra, kra.

"Amri ya tatu: ninalalaka wakati wa mahubiri, macho wazi." Bantu bakacheka kidogo. "Amri ya sita: mu misa ninaangaliaka ule kijana wa kupiga ngoma mu korali, na ninawaza ndoa."

"Miaka munane?" baba mumoja kando yangu akasema. "Huyu ataolewa mbele ya komunyo."

"Amri ya saba: Mama Odette alileta kikwembe ya yadi sita, nikabakisha kipande. Amri ya munane: nilimwambia kitambaa haikutosha, njo maana mikono ni mifupi."

Mama Odette alikuwa ku benchi ya mbele. Na ile nguo njo alivaa. Akaangalia mukono wa kushoto, akaangalia wa kuume, kiisha akageuka polepole. (Kwetu bashonaji, kipande chenye kubakia ni cha mushonaji, ni desturi ya zamani kupita mashini, ila bateja hatubaambiaka.)

"Mutoto mwenye kuiba na kuangalia banaume," Madamu akasema, "atangojea mwaka ujao." Akachukua chaki, akaandika jina ya Grâce ku ubao, chini ya batoto batatu benye baliacha nafasi wazi. Hakujiuliza hata, mutoto wa miaka munane anamushonea nani nguo?

Na Grâce alikuwa anajua ni zangu. Alishika tu sketi yake, akaniangalia, akafunga kinywa sana, ili nisipate haya. Ule mutoto alikuwa ananilinda miye.

Nikasimama. Nilisimama na kasirani mingi mupaka benchi ikapinduka, na ule baba wa kando akajikuta chini.

"Madamu, zile zambi ni zangu."

"Zipi?"

"Zote. Toa sukari."

"Hata ya ngoma?" ule baba akauliza kutoka chini.

"Hata ya ngoma."

"Ule kijana ni mutoto wangu," akasema.

Bantu bakacheka mupaka machozi. Miye nikamugeukia Madamu. "Lakini weye, Madamu, nani alikutuma kusoma ungamo ya mutoto mbele ya bantu? Hata padiri hana ruhusa. Na nani alikuambia kila amri inadai zambi yake? Mwenye hajaua, aende atafute mutu wa kuua?"

Hakuna mwenye alicheka tena. Masere mukubwa, mwenye kuongoza masomo, mwenye alikuwa ku mulango, akakuja polepole, akatoa karatasi zote mu mikono ya Madamu. "Grâce ataungama kesho na benzake," akasema. Kiisha akatuita inje, tunywe juisi. Juu ya bale batoto batatu ba ku ubao, hakuna neno.

Mama Odette aliningojea ku mulango.

"Béatrice, Jumatatu unaniletea mikono yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Na ule wa ngoma iko na muchumba Likasi. Usijichokeshe."

Niliapa palepale: mutoto akiniletea tena kazi ya kujaza roho yake, karatasi itarudia nyeupe, na ni miye nitaipeleka, nisimame nayo mbele ya Madamu. Roho ya mutoto si nguo ya mukopo.

Bantu bote balipokuwa kwa juisi, nikarudia mu kalasi peke yangu. Majina ine yalikuwa bado ku ubao. Nikashika pembe ya kikwembe yangu, nikapangusa jina ya Grâce. Bale batatu singebajua hata tukikutana njiani. Nikabapangusa nabo, moja kwa moja, mupaka ubao ikabakia nyeusi tu.