Mguu wa Pikipiki

Jovia alileta habari kabla uji haujachemka. "Mama Kirezi, umesikia? Kanyange wamemkata mguu. Na ile bajaji yake ya mizigo iko inauzwa."

Pale Nyakabanda habari za Jovia hukimbia hata zikiwa hazina miguu. Mukunde alimfunga mwanawe Kirezi mgongoni, akatia uji kwenye chupa ya chai, akateremka kwenda kujionea mwenyewe.

Alimkuta Kanyange uani, ameketi kwenye kiti cha dereva cha bajaji iliyobonyea ubavu. Mguu wa kushoto ulikuwapo, umekonda tangu utolewe plasta, kovu likishuka kutoka gotini mpaka kwenye kifundo.

"Umekuja kuzika mguu?" Kanyange aliuliza.

"Jovia anasema umekatwa."

"Ningekatwa, sha, ningempelekea yeye achemshe supu."

Mukunde alicheka, akaegemea bajaji ili aweke chupa chini. Bajaji ikayumba kidogo tu. Papo hapo mguu mbovu wa Kanyange ukaruka nje, ukakanyaga ardhi. Kanyange akauma midomo kwa maumivu, akaurudisha ndani kwa mikono miwili.

"Umeona? Huu ni mguu wa pikipiki. Nimeendesha pikipiki tangu usichana. Ikiyumba, unatoa mguu, unasimama. Siku ile kwenye mteremko wa Gatsata, gari liliponigonga ubavuni, bajaji ikainama, na mimi nikatoa mguu niizuie. Niizuie na ndizi zote zile nilizopakia! Ikanilalia. Ningeuacha ndani, pengine ningetoka na michubuko tu."

"Basi iuze, dada."

"Mnunuzi alikuja jana. Nimemwambia hapa hakuna kinachouzwa, labda uongo wa Jovia." Akapapasa kovu. "Daktari amesema mguu ukivunjika tena palepale, hautaunga. Kwa hiyo sirudi barabarani mpaka ujifunze kukaa ndani. Kichwa kimeelewa. Mguu ndio mkaidi."

Mgongoni Kirezi alikuwa akirusha miguu, akitaka kushuka. Mukunde alikaza mbeleko, akamtikisatikisa, mpaka ile miguu midogo ikalegea, ikatulia. Kanyange alikuwa akitazama miguu hiyo, si uso wa mtoto.

"Mama Kirezi," alisema, "akishalala mlaze kitandani kwangu, uniletee hiyo mbeleko. Unifunge mguu kwenye chuma hiki cha chini ya kiti, kisha upite nyuma uitikise bajaji. Na usinionee huruma."